Nimeambiwa sola ya kusaidiana na LUKU ni milioni 14 na nusu: nisaidieni kupiga hesabu kabla sijatoa hela

MamaSamaki wa Goba

Habari zenu wakuu. Naomba mnisomee hesabu hii, maana hela yenyewe ni ya mkopo wa kikundi na nikikosea nitalipa miaka.

Niko Goba, Dar es Salaam, nyumba ya watu 6. Nina friji ya ndani, friza mbili za samaki kwenye stoo ya nyuma, pampu ya kisima ya hospawa 1, feni, taa, TV, pasi, na kiyoyozi kimoja ambacho tunawasha usiku siku za joto. LUKU inakula laki moja na thelathini na kitu kwa mwezi. Umeme ukikatika usiku sipati usingizi, kwa sababu mzigo wa friza moja ukiharibika ni kama laki 4 zimekwenda. Mwaka jana imenitokea mara 2.

Alikuja muuzaji, akaangalia paa kwa macho, akaniandikia: paneli 10 za wati 550, inveta (ya kugeuza umeme wa paneli uwe wa nyumbani) ya kilowati 5, betri 4 za jeli za 200Ah, pamoja na ufundi. Jumla 14,500,000. Akasema inaunganishwa na umeme wa gridi, mchana mita inarudi nyuma, usiku natumia nilichotunza, na LUKU nitaisahau. Nikamuuliza amejuaje kwamba ni paneli 10 na si 6 au 15. Akajibu kwamba 10 ndizo zinazoenea kwenye paa.

Jibu hilo ndilo limenileta hapa.

Fundi wa Kinyerezi

Dada, usitoe hela bado. Ukubwa wa paa unasema mwisho wa paneli unazoweza kuweka. Hausemi unazohitaji.

Naanza na hilo la mita kurudi nyuma, kwa sababu limeshaumiza watu. LUKU ya kawaida haijatengenezwa kukulipa. Umeme ukitoka kwako kwenda kwenye nguzo, zipo mita zinazouhesabu kama matumizi na kukukata uniti, na zipo zinazojifunga zikidhani zimechezewa. Kuuza umeme ni mkataba na TANESCO pamoja na mita ya njia mbili. Kama huna vyote viwili mkononi, piga hesabu zako zote kana kwamba kila uniti unayozalisha na kutoitumia muda huohuo imepotea. Na inveta ifungwe klampu ya kupima mkondo kwenye waya unaoingia kutoka kwenye mita, ili yenyewe ijibane isisukume umeme nje.

Sasa kazi yako. Kuanzia kesho, saa 12 asubuhi andika uniti zilizobaki kwenye LUKU. Saa 12 jioni andika tena. Fanya hivyo siku 14 mfululizo, na ukinunua umeme katikati andika umeingiza uniti ngapi. Nataka kujua mchana unatumia ngapi na usiku ngapi. Jumla ya mwezi peke yake haitatusaidia.

Nipigie pia picha ya paa saa 3 asubuhi, saa 6 na saa 9 alasiri. Kila pembe.

Nzuguni B

Naunga mkono hapo kwenye mchana na usiku, nimelipia somo hilo. Niko Dodoma, jua letu ni zuri kuliko la Dar, kilowati 1 ya paneli inanipa uniti 4 na nusu na zaidi kwa siku. Niliweka paneli 8 kwa sababu matumizi yangu ya mwezi yalionyesha nahitaji 8. Lakini sisi wote tunatoka saa 12 na nusu asubuhi na kurudi jioni. Mchana nyumbani kuna friji na ruta ya intaneti tu. Betri inajaa kabla ya saa 5, halafu paneli zinakaa juani bila kazi mpaka jioni. Ningeweka 4 na hela iliyobaki ningemalizia ukuta.

Stima Kiambu

Salamu kutoka Kenya. Huku sheria ya nishati ya 2019 ilitaja habari ya kurudisha stima kwenye gridi, na kanuni zake zikatoka 2024. Lakini hata huku usidhani ni uniti kwa uniti. Ukituma uniti 2 unahesabiwa 1, yaani nusu, na hulipwi pesa taslimu, unapunguziwa bili. Kwa hivyo hesabu ya Fundi inafaa hata kwetu: uniti unayotumia mwenyewe saa hiyohiyo ina thamani mara mbili ya ile unayotuma nje. Na fundi wa kazi kama hii kwetu lazima awe na leseni ya EPRA, mdhibiti wetu wa nishati, ya daraja la T3. Dadangu, mwombe huyo muuzaji akuonyeshe yake ya kwenu.

Fundi wa Kinyerezi

Kwetu ni leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Aionyeshe kabla ya malipo ya kwanza, na namba uiandike.

MamaSamaki wa Goba

Nimerudi. Siku 14 zimekamilika, na siku 2 alisoma mwanangu kwa sababu nilikuwa feri kuchukua mzigo.

Wastani wa mchana: uniti 6.1. Wastani wa usiku: uniti 6.6. Jumla 12.7 kwa siku.

Nilidhani usiku ungekuwa mkubwa zaidi kwa sababu ya kiyoyozi. Kumbe friza hazilali mchana. Halafu nimegundua kitu: pampu tunaiwasha saa 1 usiku, saa 2 nzima, kwa mazoea tu, tangu enzi mume wangu akiwa anarudi kazini ndipo anaiwasha.

Picha nimeziweka. Kwenye ile ya saa 9 kuna kivuli cha tenki la maji, kinalala upande wa mashariki wa paa.

Fundi wa Kinyerezi

Asante dada, sasa tuna kitu cha kushika. Nitaandika kirefu, wengine mnivumilie.

Bei kwanza. Uko kwenye T1, daraja la bei ya matumizi ya kawaida, shilingi 292 kwa uniti. Ongeza VAT 18%, tozo ya umeme vijijini (REA) 3%, EWURA 1%, unafika 356. Uniti 12.7 kwa siku 30 ni 381, mara 356 ni shilingi 135,636. Inalingana na ulichosema. Ile 1,500 ya kodi ya jengo inayokatwa kila mwezi iache pembeni, sola haiigusi. (Anayesoma huku yuko D1, daraja la watumiaji wadogo, uniti 75 kwa mwezi kwa shilingi 100 kabla ya kodi: kwa kupunguza bili, usihangaike na sola. Hairudishi hela yako.)

Pampu. Hospawa 1 ni kama wati 750, saa 2 ni uniti 1.5 (uniti 1 ni wati 1,000 kwa saa 1). Ihamishie saa 5 asubuhi kwa taimeri. Bila kununua paneli hata moja, mchana wako umekuwa 7.6 na usiku 5.1. Pasi nayo iwe mchana.

Jua. Dar kwa wastani wa mwaka tunahesabu kama saa 5 za jua kali kwa siku. Lakini paneli iliyopigwa na jua juu ya bati inafika nyuzi 60, na kwa kila nyuzi inayozidi 25 inapoteza karibu 0.35% ya nguvu zake. Weka vumbi, waya na inveta yenyewe. Ukitoa hayo, kilowati 1 ya paneli inakupa uniti 4 kwa siku. Masika inashuka chini ya hapo, na wiki ya mvua mfululizo inashuka sana. Muuzaji anayezidisha kwa 5 au 6 anauza jua la kwenye karatasi.

Paneli 10 za wati 550 ni kilowati 5.5, mara 4 ni uniti 22 kwa siku. Wewe mchana na usiku unatumia 12.7. Hizo 9 zinazobaki hazina pa kwenda.

Nakupa njia mbili, kwa bei nilizonunulia mteja wangu Kariakoo mwezi uliopita.

Njia ya kwanza haina betri. Paneli 4 (kilowati 2.2, uniti 8.8 kwa siku) na inveta ya gridi ya kilowati 3. Paneli 1,160,000. Inveta 1,500,000. Reli na vishikio 360,000. Waya, breka za DC (umeme wa paneli na betri), kinga ya radi, erthi na boksi 600,000. Ufundi 500,000. Jumla 4,120,000. Kati ya uniti 7.6 zako za mchana nahesabu utazipata 6 juani, kwa sababu saa 12 asubuhi na saa 11 jioni jua bado ni dogo. Uniti 6 kwa siku ni 180 kwa mwezi, unaokoa 64,080. Hela yako inarudi baada ya miaka 5 na miezi 4 hivi.

Njia ya pili ina betri. Paneli 6 (kilowati 3.3, uniti 13 kwa siku), inveta haibridi (inayotumia gridi na betri pia) ya kilowati 5, betri ya lithiamu ya uniti 5. Paneli 1,740,000. Inveta 2,900,000. Betri 3,200,000. Reli 480,000. Waya na kinga 720,000. Ufundi 700,000. Jumla 9,740,000. Mchana unapata 6.3 moja kwa moja, usiku unatoa 4.2 kwenye betri, jumla 10.5 kwa siku. Kwa mwezi unaokoa 112,140. Miaka 7 na miezi 3.

Ukitazama tofauti ya njia hizi mbili: unaongeza 5,620,000 ili uokoe 48,000 zaidi kwa mwezi. Nyongeza hiyo peke yake inarudi baada ya karibu miaka 10. Kwa hiyo betri usiinunue ukiwaza bili. Inunue kama una kitu cha kulinda umeme ukikatika, na wewe unacho.

MamaSamaki wa Goba

Kaka Fundi, Mungu akubariki. Nina swali moja la haraka. Hiyo njia ya kwanza, umeme ukikatika mchana wenye jua, friza zitaendelea?

Fundi wa Kinyerezi

Hapana. Na watu wengi wanalijua hili baada ya kulipa. Inveta ya gridi inafuata mapigo ya umeme wa TANESCO. Gridi ikizimika, nayo inajizima ndani ya sekunde chache, hata jua liwe kali kiasi gani. Imewekwa hivyo kwa makusudi: fundi wa laini akipanda nguzo akijua umeme umekatwa, asikute nyumba yako inausukuma kutoka upande wa pili. Kinga hiyo asije mtu akakuambia anaweza kuitoa. Inaua.

Haibridi nayo inajitenga na gridi, ila ina njia ya pili ya kulisha vitu ulivyochagua kutoka kwenye betri na paneli.

Kitu kingine: kama mtaani kwenu umeme unashuka mpaka volti 180 jioni, inveta itakuwa inajitoa na kurudi mara kwa mara. Pima volti saa 2 usiku uniambie.

Mkaa Makete

Naongezea la volti za paneli, kwa sababu watu wa baridi huku tunaliona. Paneli za wati 550 nyingi zinaandikwa karibu volti 49.8 zikiwa hazina mzigo. Namba hiyo ni ya nyuzi 25. Baridi ikiongezeka volti zinapanda, kama 0.27% kwa kila nyuzi. Kwetu alfajiri ya Julai tunakaribia nyuzi 0, kwa hiyo paneli 8 kwa mfululizo, ambazo kwenye karatasi ni volti 398, zinafika 425. Ukiwa na inveta ambayo mwisho wake ni 400 umeiua asubuhi ya kwanza. Dar haitawasumbua kiasi hicho, ila mtu akinunua inveta Kariakoo kuleta Njombe au Mbeya asome namba hiyo mwenyewe.

Mpwani wa Paje

Na sisi wa chumvi tusisahaulike. Niko Unguja, mita 200 toka baharini. Boliti za kawaida nilizofungiwa zilianza kutoa kutu kabla mwaka haujaisha, na kutu ikachirizika juu ya bati. Nimebadilisha zote kwa chuma cha pua, reli za alumini. Goba ni mbali kidogo na bahari lakini upepo wake ni uleule. Tofauti ya bei ni ndogo, msikubali kubaniwa hapo.

Nzuguni B

Kuhusu zile betri za jeli 4 alizoandikiwa. 12V mara 200Ah ni uniti 2.4 kila moja, 4 ni 9.6 kwenye karatasi. Lakini ukitaka zidumu unatoa nusu tu, yaani 4.8. Ni sawasawa na hiyo moja ya lithiamu, tofauti ni kwamba jeli zangu kwa joto la hapa zilichoka mwaka wa 3. Zilikuwa zinakaa stoo yenye bati bila dari. Betri yoyote utakayonunua, dada, isikae chumba kimoja na friza zako. Friza zinatema joto.

MamaSamaki wa Goba

Hapo umenisaidia sana kaka wa Dodoma, maana nilishapanga kuiweka hapohapo stoo.

Volti nimepima kwa siku 3, saa 2 usiku: 214, 219, 211.

Fundi, bado kuna jambo linanisumbua. Umesema betri itatoa uniti 4.2 kila usiku. Ikishatoa, saa 10 alfajiri itakuwa tupu. Umeme ukikatika saa hiyo, samaki wangu wanalindwa na nini?

Fundi wa Kinyerezi

Dada, swali hilo wateja wangu 9 kati ya 10 hawaliulizi, na mimi nilipaswa kulisema kabla hujaliona mwenyewe.

Betri moja haifanyi kazi mbili kwa ukamilifu. Uniti uliyoitumia kupunguza LUKU usiku haipo tena ya kukulinda. Unachofanya ni kuiamuru inveta isishuke chini ya 40% kama gridi ipo. Basi kila usiku unatoa kama 2.6 badala ya 4.2. Jumla inakuwa 8.9 kwa siku, unaokoa 95,052 kwa mwezi, na ile 9,740,000 inarudi baada ya miaka 8 na nusu. Hiyo ndiyo hesabu yako ya kweli, ile ya miaka 7 ifute.

Hiyo 40% inakufikisha wapi? Laini muhimu zako: friza 2 kwa wastani wati 150, friji 50, taa, feni na ruta tuseme 150. Jumla 350. Uniti 2 zilizobaki, ukiachia kidogo kwa ajili ya afya ya betri, zinakupa saa 4 hadi 5. Ukizima feni na taa ukabakiza friza tu, unavuka saa 8, na jua linachomoza kabla hujafika huko. Betri ikiwa imejaa, laini zote hizo zinakwenda kama saa 12. Pampu, pasi na kiyoyozi visiwe kwenye laini hiyo hata kidogo. Pampu ikianza inavuta mara kadhaa ya wati zake.

Kama samaki wa laki 4 wameharibika mara 2 kwa mwaka, hiyo ni laki 8. Iweke kwenye mizani pamoja na bili, na uamuzi uwe wako.

Kuhusu paa: kivuli kinaanguka mashariki, basi paneli zote upande wa kaskazini. Jua letu Dar liko kusini kwetu kuanzia Oktoba mpaka mwanzo wa Machi tu, miezi mingine yote liko kaskazini. Mwinamo usipungue nyuzi 10 ili mvua isafishe. Paneli 6 zina kilo kama 168, kenchi inabeba, lakini vishikio viingie kwenye papi, visiishie kwenye bati, na juu ya tuta la bati si kwenye bonde, kila tundu na mpira wake. Breka upande wa paneli ziwe za DC. Ya AC, ile ya umeme wa kawaida wa nyumbani, ikikata umeme wa DC cheche haizimiki, inaendelea kuwaka ndani ya boksi.

Muulize pia muuzaji inveta yenyewe inajilisha wati ngapi ikiwa haina mzigo. Wati 50 kwa saa 24 ni uniti 1.2 kila siku, na hakuna anayeiandika kwenye karatasi ya bei.

Stima Kiambu

Hiyo ya mwisho hata mimi sikuwa nimeihesabu. Yangu inakula 60.

MamaSamaki wa Goba

Nimerudi tena baada ya miezi. Nilichukua njia ya pili, paneli 6, kwa fundi mwingine wa huku Goba ambaye alikubali kunionyesha leseni na kuniruhusu nipande ngazi kuangalia kila kishikio. Jumla ilifika 9,980,000 kwa sababu ya boliti za chuma cha pua na waya mrefu kidogo, kwa vile betri tumeiweka korido ya ndani na si stoo.

Siku 30 za kwanza zimekwisha, na zilikuwa za mvua. LUKU imetumia uniti 151. Kabla ilikuwa 381. Nimeokoa uniti 230, shilingi 81,880. Ni pungufu ya zile 95,000 za Fundi, lakini nilisoma inveta inajilisha wati 48, hiyo ni zaidi ya uniti 34 kwa mwezi, na kulikuwa na siku 5 ambazo jua halikuonekana kabisa.

Umeme ulikatika mara 4. Mara moja ulikatika saa 7 usiku ukarudi asubuhi. Nilishtuka kwa mazoea, nikatoka na tochi mpaka stoo, nikafungua friza ya kwanza. Ilikuwa inanguruma. Samaki wamekauka barafu kama jiwe.

Limebaki tenki. Kwa sasa kivuli hakigusi paneli, lakini mwezi wa 12 jua likiwa kusini naona kitageuka kuja upande wa kaskazini. Fundi, mnara una futi 12. Niusogeze kiasi gani?

Fundi wa Kinyerezi

Hongera sana dada. Usisogeze kwa kukisia. Desemba saa 6 mchana Dar jua linainama nyuzi 17 tu kutoka utosini, kivuli cha mchana ni kifupi. Kinachosumbua ni kile cha saa 2 asubuhi na saa 10 jioni. Nitumie umbali kutoka mguu wa mnara mpaka paneli ya kwanza, na tenki lina lita ngapi. Jumamosi nikitoka Madale nitapita nione.